Uso wa steroidi nyingi, damu ya steroidi kidogo: uchambuzi wa kisa kimoja cha Bukavu

Mwanamke wa miaka 34, muuza vitenge katika soko la Kadutu, Bukavu, anafikishwa hospitali saa tatu asubuhi akiegemea bega la mdogo wake. Ametapika usiku kucha, na akisimama kizunguzungu kinamwangusha. Presha akiwa amelala ni 80/50, mapigo ya moyo 118 kwa dakika, joto 37.9, sukari ya kidoleni 58 mg/dL. Mkononi ana bahasha ya karatasi kutoka vituo viwili vya afya. Katika majuma matatu amepewa dawa za malaria mara mbili na za homa ya matumbo mara moja. Kila mara aliwekewa serumu, akainuka, akarudi nyumbani kwa miguu yake. Siku ya tatu au ya nne akalala tena.

Mgonjwa huyu ni wa kufundishia. Hakuna mtu mmoja aliyetokea hivi, na tarakimu zake zimepangwa zilingane na namna tatizo hili linavyokwenda. Hata hivyo, anayehudumia wagonjwa mashariki mwa Kongo hatapata shida kumtambua.

Msomaji ashike hilo la siku ya tatu au ya nne, kwa maana ndani yake mna nusu ya jibu.

Kilichokuwa ndani ya serumu

Karatasi zimeandikwa kwa mkono, lakini zinasomeka: glukosi 5% ml 500, vitamini B na C, deksametasoni mg 8. Hiyo ya mwisho, dawa ya jamii ya steroidi, huongezwa kwenye serumu ili mgonjwa "apate nguvu", na kwa kweli huzipata. Mg 8 za deksametasoni zina nguvu ya takriban mg 200 za hidrokotisoni (jina la kotisoli ikiwa dawa), wakati mwili wa mtu mzima aliyetulia hutengeneza mg 10 hadi 20 tu kwa siku za kotisoli, homoni ya steroidi ya tezi za adrenali zilizo juu ya figo. Kazi yake ndani ya tishu hudumu saa 36 hadi 54. Hesabu siku mbili na kitu, uongeze muda mfupi wa mwili kutumia akiba iliyobaki, utafika siku ya tatu au ya nne.

Nafuu peke yake haithibitishi kitu. Deksametasoni hushusha homa, huzuia kutapika, huleta hamu ya kula na uchangamfu kwa mtu yeyote, awe na malaria, mafua au uchovu wa safari. Kinachozungumza hapa ni mpangilio: mara tatu, kwa umbali uleule wa siku, na kila anguko likiwa baya kuliko lililotangulia. Malaria iliyotibiwa vizuri haina saa ya namna hiyo.

Hata ushahidi wa malaria yenyewe ulikuwa dhaifu. Kipimo cha haraka kinachotafuta HRP2, protini ya kimelea cha malaria, kinaweza kubaki chanya kwa majuma kadhaa baada ya vimelea kwisha, kwa hiyo kurudia kipimo kilekile siku kumi baada ya dawa ni kurudia jibu lilelile. Kilichohitajika ni tone nene chini ya hadubini. Widal (kipimo cha homa ya matumbo) moja ya 1/160 nayo, katika mji ambao watu wengi wamewahi kukutana na salmonela, haitoshi kumpa mtu dawa za siku kumi.

Katika bahasha kuna pia jibu la kotisoli: 28 nmol/L. Mtu aliwahi kuwaza vizuri. Bahati mbaya damu ilichukuliwa saa kumi alasiri, siku moja tu baada ya serumu ya pili. Mtu mwenye afya kamili akimeza mg 1 ya deksametasoni saa tano usiku, kotisoli yake ya asubuhi hushuka chini ya 50 nmol/L. Hicho ndicho kipimo kinachotumika kutafuta ugonjwa wa Cushing, yaani kotisoli kuzidi mwilini. Huyu alipewa mg 8. Jibu la 28 lingetoka hata kwa muuguzi aliyemdunga sindano, kama naye angepewa kiasi hicho.

Saa ya kwanza

Presha 80/50, kutapika, sukari ya chini, na mtu aliyekuwa akiinuka kwa deksametasoni: hapo hutibiwa kwanza, majibu hufuata. Wakati mshipa unatafutwa, damu ml 5 huvutwa kwenye chupa kavu kwa ajili ya kotisoli, sodiamu, potasiamu na kreatinini (kipimo cha figo), na nyingine kwenye chupa ya EDTA, yenye dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa hesabu ya seli. Uchukuaji huo hauzidi dakika moja. Ukikwama, sindano ya dawa itangulie, kwa sababu uchunguzi unaweza kukamilishwa baadaye ila mgonjwa aliyekufa hachunguzwi tena.

Kisha hidrokotisoni mg 100 kwenye mshipa, au kwenye msuli mnene wa paja kama mshipa haupatikani. Chupa ya unga huchanganywa na ml 2 za maji ya sindano. Pamoja nayo, lita 1 ya maji ya chumvi 0.9% ndani ya saa ya kwanza. Kwa sukari, ml 250 za glukosi 10%. Ile ya 50% huumiza mshipa na ni vizuri kuiacha kama 10% ipo. Baada ya hapo, hidrokotisoni mg 50 kila baada ya saa sita, au mg 200 zikitiririka polepole kwa saa 24.

Kwa nini vituo vya kwanza havikumsaidia kwa maji waliyompa? Glukosi 5% ikishaingia, seli huila sukari na yanabaki maji matupu. Mgonjwa ambaye figo zake zimekataa kutoa maji, sodiamu yake inazidi kuchujuka. Kila chupa ilimpa sukari ya saa chache na kumshusha sodiamu.

Pasipo hidrokotisoni, methilprednisoloni mg 40 au prednisoloni ya sindano hutumika, na deksametasoni mg 4 huja mwisho kabisa. Mpangilio huu una sababu yake. Hidrokotisoni kwa kipimo kikubwa hushika pia vipokezi vya aldosteroni (homoni nyingine ya adrenali, inayotunza chumvi) na kusaidia figo kubakiza chumvi. Deksametasoni haina uwezo huo. Mgonjwa wetu, kama tutakavyoona, aldosteroni anayo, na deksametasoni ingemwokoa. Ila katika saa ya kwanza hakuna anayelijua hilo.

Seftriaksoni, antibiotiki, ilianzishwa pia, kwa sababu ya joto la 37.9 na kwa kuwa kitu fulani huwa kimemsukuma mgonjwa wa aina hii hadi shimoni. Mara nyingi ni kuhara au maambukizi madogo ambayo jirani yake angeyapita kwa chai ya tangawizi.

Baada ya saa moja presha ilikuwa 102/64. Kufikia mchana alikaa kitandani akaomba uji.

Majibu ya maabara

Sodiamu 124 mmol/L. Potasiamu 4.1. Kreatinini 1.0 mg/dL. Eosinofili (aina ya seli nyeupe za damu) 9%. Tone nene: hakuna vimelea. Kotisoli, kutoka damu iliyochukuliwa kabla ya hidrokotisoni na siku sita baada ya serumu ya mwisho: 62 nmol/L, yaani 2.2 µg/dL.

Mtu aliye katika mshtuko wa namna hii, mwenye tezi za adrenali zenye afya, hutarajiwa kuwa na kotisoli ya zaidi ya 500 nmol/L saa yoyote ya siku. Wakati wa dharura kanuni ya kupima saa mbili asubuhi haina maana. Msukosuko wenyewe ndio uliopaswa kuipandisha. 62 ni chini mno.

Eosinofili zisipuuzwe. Katika mji wenye minyoo mingi, 9% haimshtui mtu. Lakini kotisoli ikipanda, eosinofili hutoweka kwenye damu. Mgonjwa mahututi mwenye tezi nzima huwa na sifuri au karibu na sifuri. Mwaka 1948 George Thorn na wenzake waliligeuza jambo hili kuwa kipimo: walidunga ACTH, homoni inayoziamuru adrenali, wakahesabu eosinofili saa nne baadaye, zisiposhuka wakajua tezi za adrenali zimeshindwa. Hakuna anayekitumia siku hizi, lakini hesabu ya kawaida ya seli, ambayo hata kituo kidogo kinaweza kuifanya, bado inanong'ona jambo lilelile.

Sasa potasiamu. Ni tarakimu ya kawaida, na kwa sababu hiyo wengi huiruka. Hapa ndiyo inayoonyesha mahali palipoharibika.

Gamba la tezi ya adrenali lina tabaka tatu. La nje hutengeneza aldosteroni, la kati kotisoli, la ndani steroidi za jamii ya androjeni. Tabaka la kati na la ndani humsikiliza bwana mmoja: ACTH, homoni ya asidi amino 39 itokayo kwenye tezi ya pituitari, ambayo nayo husukumwa na homoni CRH kutoka haipothalamasi, sehemu ya ubongo iliyo juu yake. (CRH ilisumbua watafiti kwa miongo; Wylie Vale na wenzake waliutambua muundo wake mwaka 1981.) ACTH ikigusa seli za tabaka la kati, ndani ya dakika chache protini iitwayo StAR huanza kuingiza kolesteroli ndani ya mitokondria, na huko ndiko steroidi zote zinakoanzia. Seli hizi hazina ghala la kotisoli. Hutengeneza na kutoa papo hapo. Ndiyo maana amri ikikatika, kotisoli iliyomo kwenye damu hupungua nusu kila baada ya dakika 60 hadi 90 na hakuna akiba ya kuifidia.

ACTH ina kazi ya pili, isiyotajwa sana: ndiyo inayozilisha seli hizo. Ikikosekana kwa majuma, tabaka la kati husinyaa. Ikikosekana kwa miaka, tezi hubaki ganda jembamba, na hata amri ikirudi leo hakuna kiwanda cha kuitekeleza.

Tabaka la nje lina mabwana wengine: anjiotensini II, inayoanzia na renini ya figo, na potasiamu yenyewe. ACTH kwake ni ya pembeni. Basi ugonjwa unaoteketeza tezi nzima, kama kifua kikuu cha adrenali ambacho Thomas Addison alikiona kwenye baadhi ya maiti alizoeleza mwaka 1855, huondoa kotisoli na aldosteroni pamoja, na potasiamu hupanda. Tatizo likiwa juu, kwenye pituitari, kotisoli pekee ndiyo hupotea na potasiamu hubaki mahali pake. 4.1 kwa mgonjwa mwenye sodiamu 124 inaelekeza juu.

Na sodiamu imeshushwa na nini, kama aldosteroni ipo? Kotisoli kwa kawaida huizuia homoni inayobana mkojo, vasopresini. Kotisoli ikiondoka, vasopresini huachiliwa, figo zinashikilia maji, na sodiamu huchujuka bila chumvi nyingi kupotea. Presha nayo huporomoka kwa sababu mishipa isiyo na kotisoli haiitikii ipasavyo adrenalini na noradrenalini.

Uso unaopingana na damu

Hadi hapa picha ni ya upungufu. Mtazame mgonjwa sasa. Uso ni wa mviringo na mwekundu mashavuni, una chunusi ndogondogo za umri mmoja. Kidevuni kuna nywele laini. Ngozi ya mikono ni nyembamba hata mishipa inaonekana, na pale kamba ya kupimia presha ilipofungwa kumebaki alama ya damu. Mapajani kuna michirizi ya zambarau yenye upana unaozidi sentimita moja. Kinenani kuna upele wa fangasi uliosambaa bila ukingo wake wa kawaida. Hizi ni alama za steroidi nyingi kwa muda mrefu, zile zilizoelezwa na Harvey Cushing mwaka 1932.

Mwili wenye alama za ziada na damu yenye upungufu una maelezo machache sana. Steroidi ipo au ilikuwepo hadi juzi, lakini siyo kotisoli. Mashine ya maabara hutumia kingamwili zinazoitambua kotisoli, na klobetasoli (steroidi kali ya kupaka), deksametasoni na betametasoni zinapita bila kuonekana. Prednisoloni ni tofauti: inafanana na kotisoli kiasi cha kuidanganya mashine na kupandisha jibu. Haipothalamasi na pituitari hazibagui hivyo. Zikiona steroidi ya aina yoyote inayoshika kipokezi cha kotisoli, hunyamaza.

Ngozi yake pia ilikuwa nyeupe kuliko ya mdogo wake, isipokuwa vifundo vya vidole, vilivyobaki vyeusi. Hapo pana mtego. Vifundo vyeusi ni alama ya ugonjwa wa Addison, yaani adrenali zenyewe kuharibika, kwa sababu ACTH ikizidi huchochea rangi ya ngozi. Lakini kwa anayejichubua, vifundo ni sehemu ambazo mafuta huzishindwa kila siku. Fizi nazo hazisaidii sana, kwani Waafrika wengi huzaliwa na fizi zenye weusi. Zinazosaidia ni mistari ya viganja, makovu mapya, na swali: weusi huu umeanza lini? Huyu viganja vyake vilikuwa safi, na kovu la mwaka uliopita lilikuwa jeupe.

Swali la chupa

Ukimuuliza mtu kama anajichubua, atakataa. Swali lenye faida halina aibu ndani yake.

"Mama, unapaka mafuta gani?"

"Ya kawaida tu, docta."

"Dada, sema tu," mdogo wake akadakia. "Si wanataka kukuponya?"

Jioni mdogo wake alileta mfuko. Ndani mlikuwa na chupa ya losheni ya ml 500 isiyo na karatasi ya asili, na tyubu tatu tupu za klobetasoli 0.05% za gramu 30. Muuzaji ndiye anayechanganya. Maswali mawili yakatosha: tyubu ngapi zinaingia kwenye chupa moja, na chupa inakwisha kwa siku ngapi? Nane, na siku ishirini. Miaka mitatu.

Tyubu nane ni gramu 240 za krimu. Kwa siku ishirini ni gramu 12 kila siku, sawa na mg 6 za klobetasoli. Maelezo ya dawa hii huweka kikomo cha gramu 50 kwa juma, kwa majuma mawili tu, na hutaja kwamba gramu 2 kwa siku zinaweza kutosha kunyamazisha mfumo wa pituitari na adrenali. Yeye alikuwa akipaka mara sita ya kiasi hicho.

Wapo wanaojitetea kwamba kwenye losheni dawa imezimuliwa. Kwa hesabu, ml 500 zenye mg 120 ni kama 0.024%, karibu nusu ya nguvu ya tyubu. Lakini tyubu hupakwa kwenye kiganja kimoja cha ngozi, losheni hupakwa kuanzia paji la uso hadi vidole vya miguu. Na ngozi haipitishi sawa kila mahali. Feldmann na Maibach walipima mwaka 1967 kwa hidrokotisoni iliyotiwa alama ya mnunurisho: wakichukua mkono wa mbele kuwa 1, kwapa lilipitisha 3.6, paji la uso 6, taya 13. Unyayo ulikuwa 0.14. Uso na shingo, mahali anapotaka weupe zaidi na anapopaka mara mbili kwa siku, ndiyo milango mipana. Tena klobetasoli yenyewe huipunguza unene ngozi, kwa hiyo mwaka wa tatu mlango ni mpana kuliko mwaka wa kwanza.

Majuma manne kabla ya kuletwa hospitali, mapaja yalipoanza kuwaka moto kwa fangasi, mtu wa farmasi alimwambia aache kila kitu. Akaacha siku hiyohiyo. Ushauri ulikuwa sahihi kwa ngozi. Kwa tezi ulikuwa wa hatari, maana steroidi ya nje iliondoka na ya ndani haikuwepo. Siku kama kumi za uchovu alizidhania ni za kazi, kisha "malaria" ya kwanza.

Yaliyoulizwa ili kufunga milango mingine: hakuna sindano za kunenepa wala vidonge vya deksametasoni vinavyouzwa rejareja kwa ajili ya kuongeza unene, hakutokwa na damu nyingi katika uzazi wa mwisho, alinyonyesha, na hedhi ilirudi, kwa hiyo ugonjwa wa Sheehan (pituitari kufa kwa kutokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua) ukawekwa kando. Kipimo cha VVU kilikuwa hasi. Angekuwa kwenye ritonaviri, dawa ya VVU, swali lingebadilika, kwa kuwa ritonaviri huzuia ini kuvunja steroidi nyingi na hata sindano moja ya triamsinoloni (steroidi nyingine) kwenye goti inaweza kuleta picha hii. Hakuwa na rifampisini, dawa ya kifua kikuu, ambayo hufanya kinyume: huharakisha uvunjaji na kumwangusha mtu aliyekuwa akijikokota. Mkojo ulipimwa protini, kwa sababu mafuta na sabuni za kuchubua wakati mwingine huwa na zebaki inayoharibu figo. Haikuwepo. Anatumia kipandikizi cha uzazi wa mpango. Hicho hakiathiri kipimo. Angekuwa kwenye vidonge vyenye estrojeni, protini inayobeba kotisoli ingeongezeka na jibu lingeonekana kubwa kuliko ukweli.

ACTH haikupimwa. Damu yake inataka chupa ya EDTA, barafu, mashine ya kuzungusha yenye ubaridi na kugandishwa mara moja, na ikisafirishwa vibaya hutoa jibu la chini la uongo. Katika kisa hiki ingetoa jibu la chini la kweli, lisilobadilisha matibabu.

Usiku wa kwanza: hatari iliyokuja na nafuu

Saa sita baada ya hidrokotisoni alikuwa akikojoa zaidi ya ml 400 kwa saa. Wengi hufurahi hapo. Kotisoli imerudi, vasopresini imezimwa, figo zinamwaga maji yote yaliyoshikiliwa kwa majuma, na sodiamu inapanda bila mtu kuigusa. Ikipanda kwa zaidi ya mmol 8 hadi 10 katika saa 24, seli za ubongo zilizozoea sodiamu ya chini zinaweza kuharibika, na madhara huonekana siku kadhaa baadaye: kushindwa kumeza, kusema, kutembea.

Sodiamu ilipimwa kila baada ya saa nne hadi sita. Saa ya sita ilikuwa 129, yaani tano zimeshapanda. Maji ya chumvi yakasimamishwa na glukosi 5%, ileile iliyomdhuru wiki iliyopita, ikawa dawa usiku huo. Hidrokotisoni haikusimamishwa. Asubuhi: 132. Kituo kisichoweza kurudia sodiamu kinaweza angalau kupima mkojo kila saa. Ukizidi ml 100 kwa saa mfululizo baada ya presha kutulia, maji ya chumvi yapunguzwe.

Kurudisha mfumo kazini

Siku ya tatu alihamia kwenye vidonge. Hidrokotisoni mg 10 asubuhi, 5 mchana na 5 alasiri ndiyo inayofanana zaidi na mwendo wa mwili. Isipopatikana, prednisoloni mg 5 mara moja, saa moja asubuhi, inatosha. Isimezwe jioni: steroidi ya usiku huzuia ACTH ya alfajiri, na hiyo ndiyo tunayotaka iamke. Fludrokotisoni, dawa inayoshika nafasi ya aldosteroni, haikuhitajika, kwa kuwa tabaka la nje la tezi lilikuwa zima.

Mafuta aliyaacha kabisa, safari hii akiwa na kinga. Alielezwa mapema kwamba ngozi itawaka, itakuwa nyekundu na kuwasha, na kwamba hiyo ni ngozi inayodai steroidi yake. Asipoambiwa, atarudi kwa muuzaji ndani ya juma la pili.

Kwamba tezi zilizosinyaa huchukua muda kuamka ilijulikana mapema, na kwa gharama. Philip Hench alimpa mgonjwa wa yabisi kotisoni kwa mara ya kwanza mwaka 1948. Mwaka 1950 yeye, Edward Kendall na Tadeus Reichstein walipata Tuzo ya Nobel. Mwaka 1952 tayari Fraser na wenzake walieleza mgonjwa aliyekuwa kwenye kotisoni, akafanyiwa upasuaji, akafa kwa mshtuko, na tezi zake zikakutwa zimesinyaa. Mwaka 1965 Graber na wenzake walifuatilia urejeaji: ACTH hurudi kwanza, kati ya mwezi wa pili na wa tano, hata ikapita kiwango, kotisoli hufuata miezi kadhaa nyuma. Anayepima ACTH katikati ya kipindi hicho ataona ACTH ya juu na kotisoli ya chini, naye atadhani ni Addison.

Kipimo cha ufuatiliaji ni kotisoli ya saa mbili asubuhi, kabla ya kidonge, saa 24 baada ya prednisoloni ya mwisho. Mwongozo wa 2024 wa vyama vya endokrinolojia vya Ulaya na Marekani unagawa hivi: zaidi ya 300 nmol/L, steroidi inaweza kuachwa, 150 hadi 300, endelea na urudie baada ya majuma au miezi, chini ya 150, endelea na urudie baada ya miezi. Kipimo cha Synacthen (ACTH ya kutengenezwa, ya sindano) µg 250 ni kizuri kwa walio katikati, lakini ampuli ikikosekana, subira na kotisoli ya asubuhi vinafikisha palepale.

Juma la nane: 110 nmol/L. Mwezi wa nne: 45.

Kotisoli inayopona inaweza kusimama, lakini hairudi nyuma namna hiyo bila kitu kilichoisukuma. Kabla ya kuagiza picha ya ubongo, swali la chupa liliulizwa tena. Palikuwa na harusi ya mdogo wake. Alianza kupaka majuma matano kabla ya sherehe. Alibaki kwenye prednisoloni ileile, bila kuongezwa wala kupunguzwa, na hesabu ya miezi ikaanza upya. Mwezi wa nane: 190. Mwezi wa kumi na tatu: 335, na prednisoloni ikaachwa.

Jibu la 335 linahusu siku ya kawaida. Akiba ya siku ya upasuaji au uchungu wa uzazi inaweza kuwa bado nusu, kwa hiyo kadi ya maelekezo ya dharura ilibaki kwenye mkoba wake kwa mwaka mwingine. Imeandikwa Kifaransa upande mmoja, kwa ajili ya daktari, na Kiswahili upande wa pili, kwa ajili ya mdogo wake. Maelekezo ya wakati alipokuwa kwenye vidonge (homa ya zaidi ya 38, prednisoloni mg 5 mara mbili kwa siku hadi ipoe) yamekatwa kwa mstari. Yaliyosalia ni haya: akitapika mara mbili mfululizo, akizimia, akipasuliwa au akianza uchungu, hidrokotisoni mg 100 kwenye msuli au mshipa kwanza, kisha maji ya chumvi 0.9%, glukosi 5% peke yake isitumike.